Misuli ya mifupa na neva zinazoiamuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa sekondari, wavuvi, wachukuzi na watu wanaouguza jamaa zao jijini Mwanza na kando ya ziwa huuliza mara nyingi kuhusu misuli. Majibu yanahusu misuli inayoshikamana na mifupa, ile tunayoitumia kuvuta wavu, kupanda mawe ya Mabatini na kutafuna. Moyo na matumbo vina taratibu zao, ambazo hazitaelezwa hapa. Jambo moja litajirudia: msuli hauna uamuzi wake wenyewe, na kuachia ni kazi kamili kama kuvuta kulivyo. Maradhi mengi yanayoogopwa huku kwetu huanza kueleweka mtu anapouliza kwanza kama kilichoharibika ni uwezo wa kuvuta au ni uwezo wa kuachia.

Misuli ya mifupa ni ipi, na mtu ana mingapi?

Ni misuli iliyofungwa kwenye mifupa kwa kano, ambayo kwa kawaida tunaiendesha kwa hiari. Mwili una zaidi ya 600, na kwa mtu mzima mwenye afya inachukua takriban asilimia 40 ya uzito wake. Msuli huvuta tu; hakuna msuli unaosukuma. Ndiyo maana hupangwa kwa kupingana: ule wa mbele ya mkono hukunja kiwiko, ule wa nyuma hukinyoosha, na mmoja unapovuta mwingine sharti uachie. Hata mpiga kasia anayeonekana kuyasukuma maji, ndani ya mwili wake kila kinachofanyika ni kuvuta.

Amri ya kusogeza mkono au mguu inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye ukanda wa ubongo ulio juu ya kichwa, unaopita takriban kutoka sikio hadi sikio, ambako kila sehemu ya mwili ina eneo lake. Vidole na midomo vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima, kwa sababu kazi zake ni za ustadi. Nyuzi za neva kutoka hapo hushuka, na nyingi kati yake huvuka upande wa pili zinapofika sehemu ya chini ya ubongo, kisha huingia katika uti wa mgongo. Kwa hiyo kiharusi kilichoharibu ubongo upande wa kushoto hudhoofisha mkono na mguu wa kulia.

Katika uti wa mgongo amri hupokelewa na seli nyingine, niuroni ya mwendo, ambayo hutoa uzi mmoja mrefu unaokwenda hadi kwenye msuli wenyewe. Charles Sherrington wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, aliiita njia hiyo njia ya mwisho ya pamoja, kwa kuwa kila kinachotaka kuusogeza msuli, iwe ni nia, woga au maumivu, hakina budi kupitia hapo. Uzi huo umevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, na msukumo wa umeme huruka kutoka pengo moja la ala hadi jingine kwa kasi ya takriban mita 50 hadi 60 kwa sekunde. Kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo ni safari ya takriban sehemu mbili za mia za sekunde.

Je, neva hupitisha umeme moja kwa moja ndani ya msuli?

Hapana, ingawa ni rahisi kudhani hivyo. Tangu Luigi Galvani wa Bologna alipochapisha mwaka 1791 majaribio yake ya miguu ya vyura, ilijulikana kwamba umeme huamsha msuli. Ilichukua zaidi ya karne moja kuelewa kwamba mwisho wa neva haugusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mwembamba mno, wa takriban sehemu 50 za bilioni za mita, na unaovuka mwanya huo ni ujumbe wa kemikali. Msukumo ukifika mwisho wa neva, ayoni za kalsiamu huingia, na vifuko vidogo humwaga asetilikolini mwanyani. Otto Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kugundua jinsi neva zinavyotumia kemikali kupitisha ujumbe.

Upande wa msuli kuna vipokezi. Asetilikolini ikivishika, milango hufunguka, sodiamu huingia, na utando wa msuli, ambao ndani yake ulikuwa na takriban milivolti 90 hasi, hugeuka kuwa chanya kwa muda mfupi sana. Msukumo mpya huanza na kutambaa kwenye uzi wote wa msuli. Papo hapo kimeng'enya kilichoko mwanyani huivunja asetilikolini, ili amri moja izae mtikisiko mmoja na si zaidi. Kimeng'enya hicho kitatajwa tena hapa chini, maana kuna sumu zinazokishambulia chenyewe.

Ndani ya msuli, kinachofupika ni nini hasa?

Hili ndilo swali lenye jibu la kushangaza kuliko yote: uzi wa msuli hufupika, lakini nyuzinyuzi za protini zilizomo ndani yake hazifupiki hata kidogo. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, na Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine, walichapisha ushahidi kwamba nyuzinyuzi hizo huteleza kupishana. (Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu, jambo linalowachanganya wanafunzi hadi leo.)

Kila uzi wa msuli umejengwa kwa vipande vidogo vilivyounganishwa kichwa kwa mkia, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban mikromita 2.2 msuli unapopumzika. Katika sentimita 10 za uzi vipande hivyo huzidi 40,000. Ndani ya kila kipande kuna nyuzinyuzi nene za miosini katikati na nyembamba za aktini pande zote mbili. Miosini ina vichwa vingi vidogo. Kila kichwa hushika aktini, hujikunja na kuivuta kwa takriban sehemu 10 za bilioni za mita, huachia, kisha hushika tena mbele kidogo. Waliowahi kuona watu wakivuta kamba ya kokoro ufukweni, kabla na hata baada ya nyavu hizo kupigwa marufuku, wataelewa utaratibu wenyewe: kamba haifupiki, mikono hupokezana, na daima kuna wanaoshika wakati wengine wanaachia, vinginevyo kamba ingerudi majini. Hatua moja ya kichwa kimoja ni ndogo kiasi cha kutofikirika, lakini vipande vyote 40,000 vikifupika kidogo kwa wakati mmoja, mkono unanyanyua ndoo.

Msuli usio na amri hautelezi kwa sababu sehemu za kushikia kwenye aktini zimefunikwa na protini nyingine, tropomiosini. Msukumo wa umeme ukiingia ndani ya uzi kupitia vijia vyembamba, ghala la kalsiamu lililozunguka nyuzinyuzi hufunguka. Kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, nayo huisogeza tropomiosini pembeni. Vichwa vya miosini hupata pa kushika, na kuvuta kunaanza.

Kwa nini inasemwa kwamba kuachia nako kunahitaji nguvu?

Kwa sababu mbili. Kichwa cha miosini hakiwezi kuachia aktini mpaka kipate molekuli mpya ya ATP, ambayo ndiyo chanzo cha nguvu cha seli. Na kalsiamu iliyomwagwa hairudi ghalani yenyewe, bali husukumwa na pampu zinazotumia ATP pia. ATP ikiisha, msuli haulegei. Unakakamaa.

Wafanyakazi wa minofu ya sangara wanaujua ukweli huu kwa mikono yao hata kama hawajausoma popote. Samaki akifa, damu haipeleki tena oksijeni, ATP huisha polepole, vichwa vya miosini hubaki vimeshika, na samaki hukauka kama ubao hadi vimeng'enya vianze kuzivunja protini. Sangara aliyehangaika muda mrefu wavuni hukakamaa mapema kuliko aliyetolewa haraka, kwa kuwa aliitumia akiba yake akiwa bado hai. Barafu huchelewesha mambo hayo yote. Na mnofu ukikatwa kabla ya kukakamaa, hakuna mfupa wa kuuzuia, hivyo hujikunyata na kuwa mfupi. Kukakamaa kwa maiti ya binadamu ni jambo hilohilo, huanza saa chache baada ya kifo na kupungua baada ya siku moja au zaidi.

Msuli unajuaje utumie nguvu kiasi gani?

Haujui, uti wa mgongo ndio unaohesabu. Niuroni moja ya mwendo pamoja na nyuzi zote za msuli inazoziamuru huitwa kitengo cha mwendo. Katika misuli inayozungusha jicho, niuroni moja huendesha takriban nyuzi kumi. Katika msuli wa shavu la mguu, huendesha zaidi ya elfu moja. Uzi wenyewe haujui nusu: ukiamriwa, msukumo huenea mwilini mwake mzima.

Nguvu basi hupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza idadi ya vitengo, kuanzia vidogo visivyochoka haraka hadi vikubwa vyenye nguvu nyingi na pumzi fupi. Ya pili ni kuongeza kasi ya amri. Mtikisiko mmoja hudumu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Amri ya pili ikifika kabla ule wa kwanza haujaisha, mivuto hulimbikizana na kuwa mvuto mmoja laini wenye nguvu mara tatu au nne zaidi. Mchukuzi wa soko la samaki la Mwaloni anayeinua gunia alilodhani limejaa dagaa, kumbe ni tupu, hurusha mikono juu kwa sababu hesabu ilipigwa kabla gunia halijanyanyuka.

Kwa nini kijana mwembamba aliyezoea kazi humshinda mwenye misuli mikubwa?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye neva. Katika wiki za mwanzo za kufanya kazi nzito nguvu huongezeka wakati ukubwa wa msuli haujabadilika sana; kinachobadilika ni kwamba vitengo vingi zaidi huamriwa kwa pamoja, na misuli inayopingana na kazi hujifunza kuachia kwa wakati. Unene wa msuli hufuata baadaye.

Mganga anapogonga chini ya goti, kwa nini mguu unaruka bila ruhusa yangu?

Ndani ya msuli kuna vihisio vya urefu. Nyundo ikiigonga kano, msuli wa paja hunyooshwa kidogo ghafla, vihisio hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na niuroni ya mwendo huamuru mvuto bila kuusubiri ubongo. Wakati huohuo msuli wa nyuma ya paja huzuiwa. Daktari hatafuti burudani: mguu usioruka kabisa humwambia kwamba njia kati ya uti wa mgongo na msuli ina hitilafu, na unaoruka kupita kiasi humwambia kwamba hitilafu iko juu zaidi, ambako ubongo hutuliza mijibizo hii.

Kubanwa na misuli husababishwa na nini, na nifanye nini nikibanwa nikiwa majini?

Msuli uliobanwa unapokea amri zisizokoma kutoka niuroni zake, mara nyingi ukiwa umechoka na umefupishwa. Upungufu wa maji na chumvi hutajwa sana, lakini wataalamu hawakubaliani kwamba ndio chanzo kikuu. Dawa ya haraka ni kuunyoosha: vuta vidole vya mguu kuelekea gotini. Vihisio vya kwenye kano hupeleka habari ya mkazo, na niuroni hutulizwa. Ukiwa ziwani, lala chali uelee kwanza, kisha unyooshe mguu. Kupiga maji kwa nguvu huuongezea msuli uleule amri.

Maumivu ya siku ya pili baada ya kazi ngumu, je, ni asidi ya laktiki?

Hapana. Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kupumzika, ilhali maumivu haya hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi, hasa pale msuli unaporefushwa huku ukivuta. Ndiyo maana anayeshuka na ndoo kutoka kwenye vilima vya mawe vya Igogo huumwa mapaja kuliko anayepanda.

Dawa za kunyunyizia pamba zinahusianaje na misuli?

Baadhi ya viuatilifu, vile vya kundi la oganofosfati, hukishika kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kemikali hiyo hurundikana kwenye kila mwanya: mate, machozi na jasho humtiririka mgonjwa, mboni za macho husinyaa, misuli huchezacheza chini ya ngozi, na mwishowe hulemaa kwa kuwa vipokezi vimezidiwa. Kifo huja kwa kukosa pumzi. Atropini inayotolewa hospitalini hukausha makohozi na kuusaidia moyo, lakini haifanyi kazi kwenye vipokezi vya misuli ya mifupa, kwa hiyo mgonjwa aliyeacha kutokwa na mate bado anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia, na ndugu wasiharakishe kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa.

Na sumu ya nyoka?

Sumu za swila na koboko zina protini zinazoziba vipokezi vya msuli. Amri inafika, asetilikolini inamwagwa, lakini hakuna mlango unaofunguka. Kope huanguka kwanza, kisha kumeza na kusema huwa vigumu, kisha kupumua. Mgonjwa anaweza kuwa na fahamu kamili huku akishindwa hata kufumbua macho, hivyo watu wachunge wanachosema mbele yake. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikiswe. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kukaza hudhuru. Chatu anayechezwa katika ngoma za Kisukuma kule kwenye makumbusho ya Bujora hana sumu ya aina yoyote, ingawa misuli yake mwenyewe inatosha kutisha.

Pepopunda hufanyaje?

Hapa kinachokufa ni zuio. Sumu ya bakteria aliyeingia kwa jeraha, mwiba au mfupa wa samaki, husafiri ndani ya neva ya mwendo kinyumenyume hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huzuia utolewaji wa kemikali zinazotuliza niuroni. Misuli inayopingana huvuta kwa pamoja: taya hufunga, mgongo hupinda, na sauti ndogo tu huleta mkazo wa mwili mzima. Aliyepona pepopunda hapati kinga kwa kuugua, sharti achanjwe.

Inasemekana muhogo mchungu unaweza kulemaza miguu. Ni kweli?

Ni kweli, na mfano wake uko kando ya ziwa letu hili. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa ugonjwa uitwao konzo. Watu walikuwa wakila muhogo mchungu uliosindikwa haraka kuliko desturi, hivyo sayanidi ilibaki, huku chakula chenye protini kikikosekana. Mwili huhitaji salfa kutoka kwenye protini ili kuipunguza sayanidi makali. Miguu yote miwili ilidhoofika ghafla na kukakamaa, na hali hiyo haiponi, ingawa kwa kawaida haizidi kuharibika.

Konzo husaidia kueleza tofauti ambayo wauguzaji huuliza sana. Katika konzo, na mara nyingi wiki kadhaa baada ya kiharusi, kilichoharibika ni niuroni za juu, zitokazo ubongoni. Niuroni za uti wa mgongo ziko hai, lakini hazina wa kuzituliza, kwa hiyo miguu hukaza na goti likigongwa huruka sana. Katika polio, virusi huua niuroni za uti wa mgongo zenyewe. Amri haina pa kupitia, mguu hulegea, haujibu nyundo na hukonda. Wote wawili wanaitwa waliopooza, ila mazoezi na vifaa wanavyohitaji havifanani.

Kuhusu muhogo wenyewe, kuuloweka siku tatu au zaidi kabla ya kuuanika, au kuuvundika kama wanavyofanya watengenezao udaga, huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kuukata na kuuanika juani tu hakutoshi kwa aina chungu.

Neva iliyokatika kwenye ajali ya bodaboda inaweza kuota tena?

Mara nyingine, hasa ikishonwa mapema. Seli yenyewe iko kwenye uti wa mgongo na kwa kawaida hubaki hai. Uzi wake huota kutoka pale ulipokatika kwa takriban milimita moja kwa siku. Jeraha la kifundo cha mkono linaweza kungojewa kwa miezi michache. Jeraha la begani lina zaidi ya sentimita 60 za kufidia hadi kwenye misuli ya kiganja, yaani karibu miaka miwili, ilhali msuli uliokosa neva hukonda na kwa kawaida hupoteza uwezo wa kuipokea baada ya takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa sababu hiyo madaktari wa upasuaji wakati mwingine huchukua neva ya jirani yenye kazi ndogo na kuielekeza kwenye msuli muhimu zaidi, kama ule wa kukunja kiwiko. Katika kusubiri, ndugu wa mgonjwa wakunje na kunyoosha vidole vyake kila siku kwa mikono yao, kwa maana kiungo kilichoganda hakitasogea hata amri ikifika.